Harufu ya mayai viza kwenye maji ya kahawa: makosa yangu matatu



Kila msimu wa kahawa unapokaribia napokea swali lile lile kutoka kwa viongozi wa vyama vya msingi: "Bibi shamba, maji tuliyooshea kahawa yananuka, majirani wamechoka, tuweke dawa gani?" Nimekuwa nikijibu kwa simu, mmoja mmoja, kwa maneno machache. Safari hii nimeamua kuandika yote, pamoja na sehemu ambayo kwenye simu huwa naikwepa. Dawa ya kwanza niliyowahi kushauri iliongeza harufu. Ya pili haikufanya kitu. Ya tatu ilifanya kazi vizuri, nikajisifu, na kijana wa watu nusura afe.

Ninayoandika hapa ni ya mtambo wa kahawa, lakini wenye machinjio, wenye nguruwe na wenye mashimo ya maji taka yaliyofunikwa msiruke. Gesi ni ile ile.

Ilivyoanza

Nilikuwa nimehamia Mbozi siku si nyingi. Chama cha msingi kimoja katika kata yangu kilikuwa na mtambo wa kumenya na kuosha kahawa. Wanachama walileta kahawa mbivu jioni, mtambo ukafanya kazi hadi usiku, na maji yote yenye ute na vipande vya maganda yakaingia kwenye chemba ya saruji yenye kina cha kama mita mbili na nusu. Kutoka pale yalipita kwenye bomba hadi bwawa dogo lililochimbwa chini ya mtambo: urefu mita 6, upana mita 4, kina mita 1.5.

Hatua chache kutoka kwenye lile bwawa kulikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyeuza chai na maandazi. Kibanda kilikuwepo kabla ya mtambo. Ilipofika Julai, maji ya kijito yakipungua na mtambo ukiwa umepamba moto, wateja wake wakaanza kuhama. Siku aliyoniita hakupiga kelele. Alinikaribisha kwenye benchi, akanimiminia chai, akasema, "Bibi shamba, ukiimaliza hiyo chai hapo hapo ulipokaa, sikudai."

Sikuimaliza. Upepo ulipogeuka ilikuja harufu ya mayai viza, nikasimama bila kujua nimesimama.

Jambo likafika kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akatoa wiki mbili: harufu iishe au mtambo usimame. Mtambo ukisimama katikati ya msimu, kahawa mbivu haisubiri. Mkulima atalazimika kumenya nyumbani kwa mashine ya mkono, au amuuzie mchuuzi kwa bei anayotaka mchuuzi. Mzee mmoja wa bodi ya chama alinigeukia mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe ndiye mtaalamu. Tuambie dawa."

Nikaona aibu kusema sijui.

Kosa la kwanza: shabu

Nilijua kwamba shabu inasafisha maji. Wengi wenu mnaitumia nyumbani: unakoroga kidogo kwenye ndoo ya maji ya mto, tope linashuka chini, maji yanabaki meupe. Nikafikiri kwamba uchafu ukishuka, harufu nayo itashuka. Tukanunua shabu, tukakoroga, tukamwaga bwawani.

Siku mbili za kwanza maji yalipendeza. Bodi wakanishukuru. Baada ya wiki moja harufu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na mapovu yalikuwa yakipanda kutoka chini ya bwawa kama maji yanayotaka kuchemka.

Sababu niliijua baadaye, nilipomtafuta mwalimu wangu wa zamani wa chuo na kumsimulia. Nitaieleza kwa namna aliyonieleza yeye, kwa sababu ukiielewa hii utaweza kupima mwenyewe kila dawa utakayoshauriwa.

Harufu inatoka wapi

Maji ya kahawa yana sukari nyingi. Vijidudu vilivyomo vinaila hiyo sukari kwa pupa, na vinapokula vinatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Baada ya muda mfupi oksijeni inakwisha, hasa kule chini kwenye tope. Hapo kundi jingine la vijidudu linachukua zamu. Hawa hawahitaji oksijeni. Badala yake wanatumia salfeti, ambayo ni salfa iliyoungana na oksijeni, na inapatikana kwenye maji, kwenye mabaki ya mimea na kwenye mbolea kadhaa. Wakishaitumia wanaiacha ikiwa salfaidi. Salfaidi hiyo ikiungana na uchachu wa maji inakuwa gesi, salfaidi ya haidrojeni, na ndiyo inayonuka mayai viza.

Kwa hiyo harufu inahitaji vitu vitatu: chakula, mahali pasipo na oksijeni, na salfeti. Sasa tazama nilichofanya. Shabu ni salfeti ya alumini. Niliwapelekea salfeti. Ikashusha uchafu wote chini, ikatengeneza kitanda kinene cha tope kisichopata hewa. Chakula, giza na salfeti, vyote kwa pamoja. Ningekuwa natafuta namna ya kuifuga harufu, nisingefanya vizuri zaidi.

Kosa hilo hilo unaweza kulifanya kwa jasi. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Ina kazi zake nzuri shambani, lakini ni nyeupe kama chokaa, na kwenye mfuko usio na maandishi mtu anaweza kukuuzia akiamini ni chokaa.

Kosa la pili: chokaa isiyo yake

Mwalimu akaniambia nitumie chokaa, kwa sababu ya jambo moja ambalo naomba ulikumbuke kuliko mengine yote katika makala hii. Salfaidi ndani ya maji ina hali mbili. Maji yakiwa machachu inakuwa gesi na kutoka. Maji yakipoteza uchachu inabaki imeyeyuka ndani ya maji na haitoki. Kinachoamua ni pH, kile kipimo cha uchachu mnachokijua kwenye udongo. Kwenye pH 6, sehemu 9 kati ya 10 za salfaidi ni gesi. Kwenye 7 ni nusu kwa nusu. Kwenye 8 gesi ni kama sehemu 1 kati ya 10. Kwenye 9 ni kama sehemu 1 kati ya 100.

Tulipima bwawa letu kwa karatasi za pH, tukakuta kati ya 4 na 5. Maana yake karibu salfaidi yote ilikuwa gesi.

Nikamtuma karani wa chama dukani kuleta chokaa. Akaleta mifuko ya chokaa kilimo, ile ya kutibu udongo wenye uchachu. Tukamwaga. Kesho yake karatasi ya pH ilikuwa imepanda kidogo tu na mama wa chai bado alikuwa amefunga pua kwa khanga.

Hapa nataka kuongea na wewe mwenye duka la pembejeo, kwa sababu mteja atakuja kwako na neno moja tu, "chokaa", na wewe una mbili. Chokaa kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa. Inayeyuka polepole, na hata ukiijaza haiwezi kuyapandisha maji mbali zaidi ya pH 8. Kwa udongo ni nzuri sana, kwa sababu udongo unao msimu mzima wa kusubiri. Chokaa iliyozimwa, ile wanayopakia kuta, ni kitu kingine. Ina nguvu, inafanya kazi papo hapo, na ukiizidisha inaweza kuyafikisha maji kwenye pH 12. Inaunguza ngozi na inaweza kuharibu jicho. Muulize mteja anaipeleka wapi kabla hujampa. Na kama ni ile kali, muuzie na glavu na miwani.

Kosa la tatu: kutangaza ushindi

Mara ya tatu tulifanya kwa utaratibu. Sikutaka tena kumwaga kwa kukisia, kwa hiyo tulianza na ndoo.

Tulichota ndoo ya lita 20 ya maji ya bwawa. Tukapima chokaa iliyozimwa kwa mizani ya karani, tukaikoroga kwanza kwenye maji kidogo ikawa kama maziwa, kisha tukaongeza kwenye ndoo kidogo kidogo tukipima pH kila mara. Ilipofika 8 tulikuwa tumetumia gramu 40. Hizo ni gramu 2 kwa kila lita. Bwawa letu, 6 mara 4 mara 1.5, ni mita za ujazo 36, yaani lita 36,000. Lita 36,000 mara gramu 2 ni kilo 72. Mifuko mitatu ya kilo 25 ikatosha na kubaki kidogo. Usichukue gramu 40 zangu ukazipeleka kwenye bwawa lako. Chukua ndoo yako upime.

Tukaikoroga ile chokaa kwenye mapipa, tukaimwaga kuzunguka bwawa, na iliyobaki tukaimwaga kwenye chemba. Jioni ile ile harufu ilishuka. Asubuhi mama wa chai alinipungia mkono kutoka mbali. Kwenye kikao cha bodi nilisimama nikasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Harufu ikiisha, kazi imeisha."

Si kweli, na nilipaswa kuliona hilo katika maelezo ya mwalimu. Chokaa haikuondoa salfaidi. Iliifunga tu ndani ya maji. Tena kwa kuondoa uchachu mkali niliwatengenezea wale vijidudu mazingira mazuri zaidi, kwa sababu hawapendi maji machachu sana, wanapenda ya katikati. Wakaendelea kutengeneza salfaidi chini kwenye tope, kimya kimya, bila kunuka. Na kila usiku mtambo ulileta maji mapya ya kahawa ambayo yalichachuka na kushusha pH tena. Ile akiba yote iliyofungwa ilikuwa inasubiri mlango ufunguke.

Ilichukua siku tisa.

Asubuhi ya chemba

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda mtamboni kwa jambo jingine, kuandikisha wakulima wa miche. Bomba la kutokea kwenye chemba lilikuwa limeziba kwa maganda. Kijana mmoja wa mtambo, mchapakazi sana, alifungua mfuniko ashuke kuzibua. Msimamizi alimfunga kamba kiunoni kwa sababu ngazi ilikuwa na utelezi. Hiyo ndiyo sababu pekee. Hakuna aliyefikiria gesi.

Alipoinamia mdomo wa chemba alikunja uso akasema inanuka. Akashuka ngazi mbili, tatu. Akaanza kuchokonoa tope kwa mti. Kisha akainua kichwa akasema kwa furaha, "Harufu imeisha!"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Sekunde chache baadaye akalegea kama mtu aliyesinzia, akaning'inia kwenye kamba. Mwenzake alikuwa tayari ametia mguu kwenye ngazi amfuate. Sijui nilipiga ukelele wa namna gani, lakini alisimama. Wanaume watatu wakavuta kamba kutoka juu. Tulimlaza mbali na chemba, upande unaotoka upepo, akakohoa, akatapika, akafungua macho. Tukamkimbiza zahanati kwa pikipiki, na kutoka huko akapelekwa hospitali ya wilaya. Alipona. Alirudi kazini baada ya wiki mbili.

Harufu haikuwa imeisha. Pua yake ndiyo iliyokwisha. Gesi hii ikiwa kidogo sana unainusa haraka, ndiyo maana mama wa chai aliteseka bila kuumia. Lakini ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, ndani ya dakika chache pua inaacha kuisikia kabisa. Ikizidi, kwenye 500 na kuendelea, mtu anaanguka na anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini kwenye mashimo kama maji. Unapokoroga tope unaifungulia yote kwa mara moja.

Nilikwenda nyumbani kwao kumjulia hali. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti. Baada ya salamu akasema taratibu, "Mwanangu alisema harufu imeisha. Na wewe, bibi shamba, ulituambia ikiisha kazi imeisha."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi. Hilo ndilo jambo ambalo huwa silisemi kwenye simu.

Tulichofanya baadaye

Tulianza upya, na safari hii dawa tuliiweka mwisho wa foleni.

Kwanza tulipunguza chakula. Tuliweka wavu kabla ya chemba, maganda yakawa yanatolewa usiku ule ule na kupelekwa kwenye lundo la mboji badala ya kulowekwa majini. Maji ya kumenyea yakawa yanazungushwa na kutumika tena siku hiyo hiyo, kwa hiyo yaliyofika bwawani yalipungua sana.

Pili, tuliyanyima maji muda wa kuoza. Chemba ikawa inaondolewa maji kila asubuhi kwa pampu, watu wakiwa juu. Maji yaliyolala chembani usiku mmoja si sawa na yaliyolala siku nne.

Tatu, fundi alirekebisha bomba. Lilikuwa linamwaga maji bwawani kutoka juu, kama maporomoko madogo. Maji yaliyokwisha kuoza yakianguka na kuruka, gesi yote inachomoka, na kibanda cha chai kilikuwa upande ule ule. Tuliongeza kona na kipande cha bomba ili mdomo wake uwe chini ya maji. Kazi ya saa moja, na mama alisikia tofauti siku hiyo hiyo. Ushauri ule wa kurusha maji hewani ili yapate oksijeni ni mzuri kwa maji mapya tu.

Nne, ndipo chokaa. Kidogo kila siku, badala ya nyingi mara moja. Baada ya maji kupungua tulikuwa na kama lita 3,000 kwa siku. Kwa gramu 2 kwa lita, hiyo ni kilo 6 za chokaa iliyozimwa kila siku, na karatasi ya pH asubuhi na jioni. Karani aliandika kwenye daftari. Siku pH iliposhuka chini ya 7 tulijua mapema, kabla pua haijatuambia.

Dawa nyingine na kazi zake

Wafanyabiashara watakuletea majina mengi. Haya ndiyo ninayojua kuyahusu.

Chumvi za chuma. Hizi hazifungi salfaidi kwa muda. Zinaikamata moja kwa moja na kuigeuza unga mweusi unaoshuka chini. Tulitumia salfeti ya chuma mara moja, tulipotaka kutoa tope lote la zamani kwenye bwawa. Maji yaligeuka meusi kama masizi na wazee wakashtuka, lakini ule weusi ndio ishara kwamba kazi inafanyika. Hesabu yake ni hii: gramu 1 ya salfaidi inahitaji kama gramu 1.7 za chuma, na fuwele za salfeti ya chuma zina chuma sehemu moja tu kati ya tano, kwa hiyo unahitaji kama gramu 9 za fuwele. Tuseme maji yako yana miligramu 20 za salfaidi kwa lita. Bwawa la lita 36,000 lina gramu 720, na linahitaji kama kilo 6.5. Ongeza kiasi, kwa sababu chuma kingine kinaliwa na uchafu. Mambo mawili ya kuzingatia. Kwenye maji machachu haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo chokaa inatangulia hadi pH ipite 7. Na jina lake linakuonya: nayo ina salfeti. Ukiiweka na kuliacha tope pale pale kwa wiki kadhaa, umerudi kwenye kosa langu la shabu. Iweke, kisha toa tope mapema.

Klorini. Inaivunja salfaidi, ni kweli. Lakini maji ya kahawa yana uchafu mwingi unaoila klorini kabla haijaifikia salfaidi, kwa hiyo utamaliza fedha. Na ukimwaga klorini kwenye maji machachu inatoka gesi ya klorini, ambayo nayo ni sumu. Kwenye maji ya kahawa usiitumie kabisa.

Haidrojeni peroksaidi. Inafanya kazi safi, karibu kilo moja halisi kwa kilo moja ya salfaidi, na haiachi tope. Miji na viwanda vikubwa wanaitumia. Lakini ile ya kiwandani inaunguza mwili na inaweza kusababisha moto ikikutana na vitu vikavu kama majani na magunia. Si ya kuweka kwenye stoo ya kijiji.

Nitreti. Hii ni akili nzuri: vijidudu vikipewa nitreti vinaipendelea kuliko salfeti, kwa hiyo salfaidi haitengenezwi. Inatumika kwenye mabomba ya maji taka ya miji. Kwenye maji ya kahawa sukari ni nyingi mno, nitreti inaisha haraka. Na ikizama ardhini hadi kwenye kisima, ni hatari kwa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa na maji hayo. Usimwage mbolea bwawani kwa kubahatisha.

Tindikali ya aina yoyote. Hapana. Kuna mtu aliwahi kushauriwa kusafisha chemba kwa maji ya betri. Rudi kwenye zile namba za pH uone kitakachotokea: salfaidi yote iliyofungwa itatoka kwa mara moja.

Sheria za shimo

Hizi nimezibandika kwenye ukuta wa mtambo, na naomba uzinakili.

1. Hakuna mtu anayeshuka kwenye chemba, shimo au tangi la maji taka. Zibua kwa mti mrefu au pampu ukiwa juu, ukisimama upande unaotoka upepo.
2. Ukinusa kisha ukaacha kunusa, ondoka hapo haraka. Usifurahi.
3. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekwenda kuokoa. Vuta kwa kamba ukiwa juu, ita msaada.
4. Angalia dalili ambazo hazihitaji pua: nyaya za shaba za mota zinazogeuka nyeusi, saruji ya chini ya mfuniko inayomung'unyika. Vyote hivi vilikuwepo kwenye mtambo wetu kabla ya ile asubuhi, na nilivipita.
5. Chokaa inaongezwa kwenye maji, mtu akiwa na miwani na glavu.

Na jambo la mwisho kuhusu mto. Maji kutokunuka hakuyafanyi yawe safi. Bado yana sukari inayoua samaki kwa kumaliza oksijeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kumwaga maji taka mtoni kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde lenu. Chama kiliomba ushauri wao, na baadaye bwawa jipya likachimbwa mbali zaidi na kijito.

Wiki mbili za mwenyekiti zilikuwa zimepita zamani wakati huo. Alituongezea muda kwa sababu bodi ilikwenda mbele ya mkutano na kusema wazi kilichotokea, pamoja na habari ya kijana, na mimi nikasimama nikasema sehemu yangu. Nilidhani wakulima hawataniuliza tena kitu. Wameniuliza zaidi.

Mwisho wa msimu nilipita kibandani. Mama akanimiminia chai bila kusema neno. Nikakaa kwenye benchi lile lile, upepo ukivuma kutoka bwawani, nikainywa hadi majani ya chini. Nikainuka kuondoka.

"Bibi shamba," akaniita, akinyoosha mkono. "Hiyo umeimaliza. Lipa."

Nililipa. Msimu mwema, ndugu zangu, na mbaki juu ya shimo.